Mtani Hasifiwi Angali Hai

Si zamani sana wala si mbali sana, palikuwa na nchi ambayo jina lake tutaliacha lilipo, maana lina ndugu wengi na wote ni wepesi wa kukasirika. Nchi hiyo ilikuwa na uwanja mmoja wa ndege, na uwanja huo ulikuwa na njia moja ya kurukia, ndefu na nyeusi. Ndiyo iliyokuwa kitu pekee kilichonyooka katika nchi nzima, na wananchi waliipenda kwa sababu hiyo.

Siku moja ndege ya abiria ilitua hapo ikakuta gari la zimamoto limeegeshwa katikati ya njia, linaoshwa. Rubani alilikwepa kwa kuingia majanini, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Dereva wa zimamoto alitimua mbio na ndoo yake mkononi, na hajarudi mpaka leo. Jina lake bado linaitwa kila asubuhi kazini, na kuna mtu anaitikia.

Rubani alijitetea: "Niliambiwa nitue, nikatua."

Mwongoza ndege aliyekuwa zamu mnarani naye akajitetea: "Nilimwambia atue. Sikumwambia afumbe macho."

Ikaundwa Tume. Tume ilikaa, ikala, ikaenda kutazama viwanja vya nchi zenye fukwe nzuri, kisha ikarudi na ripoti ya sentensi moja: usalama wa njia ya kurukia ni wajibu wa pamoja wa rubani na mwongoza ndege.

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na ndiyo yaliyoleta balaa. Kabla ya ripoti, kila upande ulikuwa unaogopa kidogo na kuchungulia. Baada ya ripoti, marubani walielewa kwamba yuko mwenzao anayeangalia, na waongoza ndege nao wakaelewa hivyo hivyo. Ikawa kama chungu cha wake wenza, kila mmoja akijua mwenzake yuko jikoni, mpaka harufu ya kuungua ikawatoa wote wawili vyumbani.

Bi Zamoyoni Kitwana hakuifurahia ripoti ile. Alikuwa mwongoza ndege mkongwe kuliko wote pale mnarani, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, na ulimi ambao hata mamantilie wa getini waliuogopa. Alisema waziwazi kwamba wajibu wa pamoja maana yake ni macho manne, si macho mawili yanayopokezana usingizi. Wakubwa walimjibu kwamba hayo ni maoni mazuri, na maoni mazuri yana utaratibu wake, na utaratibu wenyewe bado haujaandikwa. Basi akarudi kugombana na marubani kama wenzake wote.

Na walikuwa wanagombana kwelikweli. Marubani walikuwa hawaitikii salamu za mnara. Mnara ulikuwa ukiombwa nafasi ya kutua, unauliza kwanza, "Kwani mlipanda kwa ruhusa ya nani?" Abiria walisikia haya yote, wakawa wanasafiri na rozari, tasbihi na hirizi katika mkoba mmoja, kwa tahadhari.

Habari zikamfikia Mheshimiwa Daktari Injinia Balthazari Fungamwango, Waziri wa Anga, Ardhi Iliyo Chini Yake na Mambo Mengineyo. Alipata habari hizo akiwa msibani kwao, anamzika mjomba wake. Na kama ilivyo desturi ya nchi ile, watani wa marehemu walikuwa wameingia kaburini wakalala chali, wakagoma kutoka mpaka wapewe jogoo. Mmoja wao alivaa koti la marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama alivyochechemea marehemu. Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka, wala hakuna aliyekasirika.

Waziri aliyatazama yale, na wazo likamwingia hapo hapo makaburini. Hata hakusubiri mjomba afukiwe.

"Ndugu waombolezaji!" alisema, akapanda juu ya lundo la udongo. "Taifa ambalo watu wake wanataniana kaburini, linashindwaje kutaniana angani? Kuanzia leo, kwa mamlaka niliyopewa na yale niliyojiongezea, ninatangaza kwamba marubani na waongoza ndege ni watani! Wataniane! Watukanane kwa upendo! Na wajibu wao uwe wa pamoja mpaka kiama!"

Watu wakapiga makofi. Mjomba akasubiri.

Tangazo likawa sheria, na sheria ikaletewa semina. Wizara iliajiri Maafisa Utani, wakaketi mnarani kila zamu na vipokea sauti masikioni, wakitoa alama kwa kicheko. Walifundisha kanuni zile zile tulizozikuta kwa babu zetu. Mtani hakasiriki. Mtani haaminiki. Na mtani hasifiwi angali hai. Mema yake yote yanafichwa, yanawekwa akiba mpaka siku ya kuzikwa, ndipo watani wake wasimame kando ya kaburi wayatoe moja baada ya jingine. Kwa hiyo katika nchi ile, mtani wako akianza kukusifu, unakwenda hospitali.

Tusiseme uongo, mambo yalichangamka. Bi Zamoyoni, aliyeipinga ripoti, utani aliupokea kwa mikono miwili. Ulimi wake ulikuwa umekaa bure miaka yote hiyo, sasa umepata kazi ya serikali. Akapangiwa mtani wake: Kapteni Ezekia Mgunda, rubani wa ndege ya jioni, mwanamume ambaye tumbo lake lilishuka ngazi za ndege kabla yake.

"Mnara, naomba kutua," Mgunda alikuwa akisema.

"Utue na nini? Hiyo si ndege, hilo ni jiko la mkaa lenye mabawa."

"Afadhali jiko langu kuliko mnara wenu unaonuka vitumbua."

"Vitumbua hivyo hivyo ulivyomaliza juzi sahani nzima? Haya tua, lakini taratibu, njia isije ikapasuka kwa hilo tumbo."

Anatua, abiria wanacheka, Afisa Utani anaandika alama. Ugomvi ukaisha kabisa. Mama yake Bi Zamoyoni alipougua, ni Mgunda aliyemtafutia dawa ng'ambo akamletea mwenyewe mpaka mlangoni, akaiweka mezani huku akisema ni sumu ya panya ili asishukuriwe. Bi Zamoyoni alimpenda kijana yule kama mwanawe. Bila shaka hakuwahi kumwambia.

Kosa alilifanya siku ya mamba. Ndege ya Mgunda ilikuwa inakaribia, na Bi Zamoyoni akaita kwa sauti ya kutetemeka kwamba mamba mkubwa ametoka bwawani, amelala katikati ya njia. Mgunda hakusadiki. Bi Zamoyoni akaapa kwa Mungu na kwa kaburi la baba yake. Mgunda bado akasitasita. Bi Zamoyoni akaangua kilio. Basi Mgunda akapandisha ndege juu, akazunguka mji mpaka abiria wakatapika, na aliposhuka akakuta njia tupu haina hata mjusi, na mnara mzima umeinama madirishani unacheka.

Kwa kazi hiyo Bi Zamoyoni alivishwa nishani ya Mtani Bora wa Taifa. Mgunda aliicheka nishani ile kuliko watu wote. Lakini aliapa kwamba maadamu yu hai, mama yule hatamwamini tena, hata akimwambia jua linawaka.

Sheria ilipotimiza mwaka, Waziri akaamua kuijengea ukumbusho. Ulikuwa Mnara wa Mikono Miwili: mkono wa rubani na mkono wa mwongoza ndege, yote ya saruji, inashikana. Wakajadili mahali pa kuusimamisha. Ukiwekwa upande wa mnara wa kuongozea, marubani watanung'unika. Ukiwekwa upande wa ndege zinakoegeshwa, waongoza ndege watanung'unika.

"Haki," alisema Waziri, "daima iko katikati."

Wakaupangia katikati ya njia ya kurukia.

Sherehe ya kuweka jiwe la msingi ilipangwa mchana, wakati hakuna ndege. Matenti yakapigwa juu ya njia, viti vikapangwa, pilau ikapikwa pembeni, na Kwaya ya Wake wa Marubani ikasimama mstari wa mbele katika vitenge vyenye sura ya Waziri. Kuwaarifu marubani waliokuwa safarini ulikuwa wajibu wa pamoja. Ofisi ya marubani ilijua mnara utawaambia. Mnara ulijua marubani wataambiwa na wake zao, si ndio wanaoimba? Na wake zao walidhani jambo kubwa kama hilo haliwezi kumpita mtu mwenye redio.

Hata hivyo mambo yangepita salama, kama Waziri asingesimama kuhutubia. Aliahidi kusema machache. Alianza na historia ya ndege, akarudi nyuma kwenye historia ya kunguru, akafika kwa safina ya Nuhu, na jua likaanza kuteremka kabla njiwa hajatumwa. Na jua lile likiteremka, humpiga usoni kila anayekuja kutua.

Bi Zamoyoni alikuwa zamu. Redio ikakohoa.

"Mnara, hapa ni mtani wako mwenye sura nzuri. Nakuja nyumbani, naomba kutua."

Bi Zamoyoni aliangusha kikombe cha chai. "Usitue! Mgunda, usitue! Njia ina watu!"

Kicheko kikajaa redioni. "Watu tu leo? Mamba amekwenda wapi?"

"Si mzaha, baba! Kuna matenti, kuna viti, Waziri anahutubia!"

"Waziri anahutubia katikati ya njia ya kurukia!" Mgunda alimkariria rubani msaidizi wake maneno hayo, naye akasikika anacheka mpaka anakohoa. "Mtani, leo umevuta nini?"

"Mkeo yuko hapo! Mama Nuru yuko mstari wa mbele, amevaa kitenge chenye uso wa Waziri kifuani, anakata kiuno!"

"Mke wangu? Aliyekataa kucheza hata siku ya harusi yetu?" Mgunda alikuwa hajiwezi tena. "Acha, mama, acha, machozi yananizuia kuona."

"Naapa kwa Mungu! Naapa kwa kaburi la baba yangu!"

"Kaburi lile lile la siku ya mamba?"

Afisa Utani aliyeketi pembeni alimnong'oneza, "Safi sana, Bi Zamoyoni. Hii ni mia kwa mia."

"Mjinga wewe, piga simu huko chini wakimbie!"

"Nimkatize Mheshimiwa?" Afisa alishika kifua. "Nina watoto, mama."

Bi Zamoyoni alifungua dirisha, akapunga kitambaa chekundu, akapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Huko chini Waziri alimwona, akaguswa sana, akampungia mkono na kuongeza sura nyingine ya hotuba kuhusu mapenzi ya wafanyakazi kwa viongozi wao. Ndege sasa ilionekana kwa macho, inashuka, inang'aa, matairi nje. Akarudi kwenye redio akamtukana Mgunda matusi yote anayoyajua, na Mgunda akamjibu kwa furaha, kwa sababu kutukanana ndiyo kazi yao. Akalia. Siku ya mamba pia alilia, tena vizuri zaidi.

Hapo ndipo alipoona kitu alichokitengeneza kwa ulimi wake mwenyewe. Kijana yule angekufa akicheka, na angemuua mkewe akicheka, na hakukuwa na neno lolote la kweli lililobaki ambalo yeye Zamoyoni hakuwa amelichezea.

Lilikuwa limebaki moja.

Akakaa. Akajifuta uso kwa upindo wa khanga. Akasema polepole, "Kapteni Ezekia Mgunda."

"Jiko la mkaa linasikiliza!"

"Ulikuwa rubani mzuri, Ezekia."

Kicheko kikakatika redioni.

"Hukutua hata siku moja kwa pupa ukiwa na watoto wachanga ndani. Mama yangu alipougua ulimletea dawa, ukasema ni sumu ya panya, mama akapona. Ulikuwa mtu wa huruma ukijifanya mtu wa mzaha. Nilikupenda kama mwanangu wa kumzaa, na sikukuambia."

Afisa Utani alikuwa amesimama, kalamu imemdondoka. Redioni ikaja sauti ambayo Bi Zamoyoni hakuwahi kuisikia, nyembamba, kama ya mtoto aliyeamshwa.

"Bi Zamoyoni... mbona unanisifu?"

"Ninakuzika, mwanangu."

Ndege ikainua pua. Ilipita juu ya matenti kwa ngurumo iliyong'oa maturubai yote, ikachukua kofia za wageni waalikwa, vilemba vya kwaya, pilau ya juu kwenye sufuria, na hotuba yote ya Waziri tangu safina kuendelea. Mama Nuru alilala kifudifudi juu ya lami. Alipoinua kichwa, aliiona ndege ya mumewe inapanda angani, nzima, na hapo ndipo alipocheza kweli.

Waziri alitolewa chini ya meza na walinzi. Akajipangusa wali mabegani, akashika kipaza sauti, akawatangazia wananchi kwamba ile ilikuwa heshima ya anga aliyoiandaa yeye mwenyewe kama mshangao. Watu wakapiga makofi, isipokuwa waliokuwa bado wanakimbia.

Wiki iliyofuata mashauri yakasikilizwa mbele ya Baraza la Nidhamu la wizara. Bi Zamoyoni alishtakiwa kwa kumsifu rubani aliye hai, akiwa kazini, kwa makusudi. Mgunda alishtakiwa kwa kumwamini mtani wake, kinyume cha kanuni. Kila mmoja alijaribu kuubeba mzigo peke yake ili mwenzake asamehewe.

"Kosa ni langu," alisema Bi Zamoyoni. "Mimi ndiye niliyeleta mamba."

"Kosa ni langu," alisema Mgunda. "Mimi ndiye niliyekuwa na macho huko juu, nikayatumia kuchekea."

Baraza lilikasirika kuliko kawaida. Halikuwa limewahi kuona watu wanaogombania lawama, na halikuwa na kifungu cha kuwahukumia. Mwishowe likasema wajibu ni wa pamoja, basi na adhabu iwe ya pamoja. Wote wawili wakasimamishwa kazi, na nishani ya Mtani Bora ikarudishwa wizarani, ambako Waziri alijivika.

Kuhusu ule Mnara wa Mikono Miwili, ambao mafundi waliendelea kuujenga mpaka ukaisha kwa sababu hakuna aliyewaambia waache, Waziri alitoa agizo kali sana kwamba uondolewe njiani mara moja, na marubani na waongoza ndege kwa pamoja. Unajua yaliyofuata. Marubani wakawasubiri waongoza ndege walete nyundo. Waongoza ndege wakawasubiri marubani. Ile mikono ikabaki inashikana katikati ya njia, imefunikwa turubai la rangi ya lami ili isiwachukize wageni. Ndege za kawaida zikahamishiwa uwanja wa nchi jirani, na abiria wakawa wanavuka mpaka kwa pikipiki.

Bi Zamoyoni na Mgunda wakawa wanakutana kila siku kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya uzio wa uwanja. Mgunda alikuja na redio yake ndogo inayonasa mazungumzo ya mnara, maana rubani asiye na kazi ni kama mkwe asiye na mke, hajui aondoke au akae. Alimwagizia mama yule chai na vitumbua. Lakini utani ulikuwa umekwisha kati yao. Mtu uliyemzika huwezi tena kumwita jiko la mkaa. Mgunda alimwita mama, alimwamkia shikamoo kila akifika, na Bi Zamoyoni akaitikia marahaba.

Siku moja uwanja ukapambwa bendera. Waziri alikuwa anasafiri kwenda ng'ambo, kwenye mkutano mkubwa wa usalama wa viwanja vya ndege, kuufundisha ulimwengu utani. Mtu mkubwa hawezi kuvuka mpaka kwa pikipiki, kwa hiyo ndege ikaletwa mpaka pale, ndogo na nyepesi, ikashuka kwenye kipande cha njia kilichobaki. Rubani aliyeileta akashuka, akapanda mwingine mgeni katika kazi, aliyefaulu semina zote za utani. Mnarani kulikuwa na kijana aliyefaulu zaidi yake.

Redio ya Mgunda ikakohoa juu ya meza ya chai.

"Mnara, naomba kuruka. Nina mzigo mzito, ni Mheshimiwa mwenyewe."

"Subiri kidogo, kaka," ikajibu sauti ya kijana. "Huo upande uliosimama unatazama ule mnara wa saruji. Geuza kwanza, ruka kwa upande mwingine."

Rubani akacheka. "Mnara wa saruji katikati ya njia ya kurukia! Wewe ni hatari."

"Kaka, nasema kweli, uko hapo chini ya turubai."

Ndipo ikasikika redioni sauti nene, ya karibu sana. Waziri alikuwa ameingia chumba cha rubani ili asikilize matunda ya kazi yake kwa masikio yake. Alikuwa anacheka mpaka anapiga magoti yake kwa viganja.

"Huyo kijana apandishwe cheo!" alisema Waziri. "Ule mnara niliagiza uondolewe zamani. Turuke!"

Injini zikanguruma. Mgunda aliruka meza, akakimbia kandokando ya uzio akipunga kofia na kupiga kelele, na Waziri alimwona dirishani, akampungia mkono kwa ukarimu wa mtu asiyeweka kinyongo.

Bi Zamoyoni hakukimbia. Aliinyakua ile redio na kubonyeza, akakumbuka kuwa ni ya kusikiliza tu. Basi akaiweka chini. Akasimama wima, akajitanda khanga yake vizuri mabegani kama mtu aliyesimama kando ya kaburi, akasafisha koo, akaanza kutafuta jambo moja jema la kusema juu ya Mheshimiwa. Ndege ilikuwa imeshashika kasi, naye alikuwa bado anatafuta.